Mipira 144 ya Yohana 3:16: jibu kwa mzee wa kanisa anayecheza gofu

SWALI: Shalom Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT hapa Arusha, nina miaka 47. Gofu nilianza miaka sita iliyopita kwa sababu ya kazi, maana nauza bima na wateja wakubwa wako huko. Sasa nimeupenda mchezo wenyewe, ingawa handikapu yangu, ile namba inayopungua kadiri mtu anavyocheza vizuri, bado ni 24. Nimeguswa kuanzisha huduma ya injili pale klabuni. Nimeshaagiza mipira dazeni 12 iliyochapwa "Yohana 3:16", na fulana ziko kwa fundi. Mchungaji wangu nilipomweleza alinijibu kwa mkato kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, na kama nina mzigo wa uinjilisti niende hospitali au gerezani. Je, ipo huduma ya kweli kwenye gofu, au natafuta namna ya kuhalalisha starehe yangu? Na kama ipo, nianzie wapi?

JIBU: Shalom mzee wangu.

Niruhusu nianze na hiyo mipira. Mtu wa handikapu 24 hupoteza mipira mitatu minne kila anapotoka. Kwa hiyo Neno utakuwa unalipanda kweli, ila mtaroni, kwenye vichaka vya lantana na ndani ya bwawa. Wa kwanza kulisoma atakuwa yule kijana anayezama majini kuokota mipira ili aiuze upya getini. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana huenda huyo kijana ndiye hasa aliyekusudiwa. Nitarudi kwake.

Mchungaji wako usimkasirikie. Anayoyasema yana mizizi. Klabu za gofu Afrika Mashariki zilijengwa na wakoloni kwa ajili yao wenyewe: ile ya Nairobi ilianzishwa 1906, ya Kampala 1908, na hata jina "Gymkhana" linaloning'inia kwenye mageti yetu ya Dar es Salaam, Moshi, Arusha na Morogoro Waingereza walilitoa India. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, mfuko wa fimbo begani. Najua kwa sababu niliupitia. Nilianza kubeba mifuko nikiwa na miaka 13, peku, na mfuko ulikuwa unanizidi urefu. Mzee niliyembebea mara nyingi zaidi alikuwa mtu wa kanisa. Sikuwahi kumsikia akisema jina langu. Kwake nilikuwa "boi" hadi siku niliyoacha kwenda. Basi mchungaji anaposema mchezo wa matajiri, mimi simpingi. Ninachompinga ni hilo wazo kwamba pale hakuna maskini. Wapo wengi kuliko wanachama. Hawavai fulana zenye kola, ndiyo maana hawaonekani.

Sasa swali lako: ipo huduma ya kweli? Ipo, na ina umri. Chanzo chake kinachojulikana zaidi ni Marekani, mwaka 1965, pale wachezaji wachache wa kulipwa, miongoni mwao Babe Hiskey na Kermit Zarley, walipoanza kukutana katikati ya wiki kusoma Biblia. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Mashindano yao huanza Alhamisi na kumalizika Jumapili. Mchezaji anayefanya vizuri Jumapili yuko uwanjani, na wiki inayofuata yuko mji mwingine. Hana usharika, hana jumuiya, hana mchungaji anayemjua kwa jina. Wakaona kama mtu hawezi kwenda kanisani Jumapili, basi kanisa limfuate yeye Jumanne au Jumatano, hotelini au popote walipo. Hawakuanza na mkutano wa hadhara wala fulana. Walikuwa watu wachache wenye shida moja, wakafungua kitabu. Kikundi hicho hakijafa mpaka leo, na baadaye yamezaliwa mengine kama Links Players kwa wanachama wa klabu na College Golf Fellowship kwa vijana wa vyuo.

Naomba ulishike hilo neno la Jumapili. Ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia.

Matunda ya kikao kile yanajulikana. Aprili 1985 Mjerumani Bernhard Langer alishinda Masters pale Augusta, Marekani, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye mashindano ya Hilton Head, akashinda tena. Mwaka mmoja baadaye ulipotolewa kwa mara ya kwanza msimamo rasmi wa wachezaji wa dunia, jina lake lilikuwa la kwanza. Yaani mwanadamu hakuwa na kilele kingine cha kupanda. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba siku zile zile za Hilton Head alikuwa na kila alichokitafuta na bado ndani palikuwa patupu. Mchezaji mwenzake, Bobby Clampett, akamkaribisha kwenye funzo la Biblia la katikati ya wiki. Usiku ule walikuwa kwenye Yohana sura ya tatu, habari za Nikodemo. Langer alilelewa kanisani tangu utoto, aliwahi hata kuhudumu altareni, lakini anasema hakuwahi kusikia habari ya kuzaliwa mara ya pili ikielezwa hivyo.

Angalia ilivyokuwa. Aliyemleta hakuwa mhubiri. Alikuwa mtu wa kazi moja naye, aliyemwambia tu, "Jumatano tunakutana, njoo." Na mlango ulifunguka katika wiki ya ushindi, wakati sisi tumezoea kuwasubiri watu waugue au wafilisike ndipo tuwakaribie. Mchungaji wako anataka uende hospitali, na hospitali ni pema. Lakini Nikodemo alikuwa mzima wa afya, ana cheo na ana nafasi, na alikuja usiku kwa sababu mchana asingeweza kuuliza. Klabu yako imejaa Nikodemo. Hata Julai 2025, Scottie Scheffler, Mkristo asiyeficha imani yake na aliyekuwa wa kwanza duniani, alikaa mbele ya waandishi wa habari kule Royal Portrush na kukiri kwamba furaha ya kushinda hudumu dakika chache, kisha maisha yanaendelea na mtu anawaza chakula cha jioni. Siku chache baadaye akashinda The Open, mengine kati ya yale makubwa manne. Maneno kama hayo akiyasema aliyeshindwa tunaona anajifariji. Akiyasema bingwa, meneja wa benki pale klabuni kwako anasikiliza.

Kwa nini gofu na si mpira wa miguu? Piga hesabu. Mashimo 18 kwa watu wanne ni saa nne, mara nyingi zaidi, na mwendo wa kilometa nane hadi kumi. Wewe unapiga mikwaju kama 95. Ukiupa kila mkwaju nusu dakika, pamoja na kule kutikisa kiuno kusikoisha, hazifiki dakika 50. Kwa hiyo zaidi ya saa tatu unatembea na mtu, bega kwa bega, simu iko mfukoni. Hakuna mchungaji anayepata saa tatu za mkurugenzi. Na kutembea pamoja kuna jambo lake. Mtu asiyeweza kukutazama usoni akasema ndoa yake imevunjika, atalisema akiwa anatazama mbele kwenye nyasi. Wale wawili wa njia ya Emau walikuwa wanatembea, na Bwana alipowafikia hakuanza kuhubiri. Aliwauliza wanazungumza nini. Aliwaacha wamalize simanzi yao yote ndipo akafungua Maandiko. Sisi wahubiri hapo ndipo tunapokosea, tunafungua Maandiko kwenye shimo la kwanza na kufikia la nne hakuna anayetaka kutembea nasi.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo. Katika mashindano fulani ya hisani nilisimama shimo la kumi na kugawa vipeperushi. Mzee mmoja Singasinga alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma chote, akanirudishia, akaniambia kwa upole, "Mchungaji, tumecheza pamoja miaka miwili na hujawahi kuniuliza watoto wangu ni wangapi." Sikuwa na la kujibu. Wako wanne, nilikuja kujua baadaye.

Tuje kwenye jambo zito zaidi, nalo ni kadi ya matokeo, ambapo mwenye mikwaju michache ndiye anayeshinda. Gofu ni karibu mchezo pekee ambao mchezaji anajihukumu mwenyewe. Hakuna refa anayekufuata kichakani. Mpira ukisogea kidogo ulipouelekezea fimbo, ni wewe na Mungu mnaojua. Mwaka 1925, kwenye US Open pale Worcester, Bobby Jones aliona mpira wake umesogea kwenye nyasi ndefu. Hakuna mwingine aliyeona, na waamuzi walimwachia mwenyewe. Akajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu. Mwishoni alilingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, Jones akashindwa. Walipomsifu hakupendezwa. Kwake ilikuwa kama kumsifu mtu kwa kutoiba benki.

Sasa nikusimulie ya kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika klabu moja ambayo sitaitaja, tulikuwa na kikundi cha waumini kilichoomba kwa sauti kabla ya kuanza kila Jumamosi. Kofia mkononi, macho yamefumbwa, vizuri kabisa. Mmoja wao alikuwa na desturi ya kuusogeza mpira kwa ncha ya kiatu ukiangukia pabaya, na akipiga saba huandika tano. Tulipoanza kusoma Biblia na makedi, yaani wale wanaotubebea mifuko ya fimbo, tukafika kwenye mizani ya hadaa katika kitabu cha Mithali. Kedi mmoja mtu mzima, kimya miezi yote, akauliza: "Mchungaji, na yule anayesali pale mwanzo halafu anaandika tano?" Wenzake wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Walikuwa wanamjua nani, na shimo lipi, na tarehe ipi. Mzee, kedi wako anajua idadi kamili ya mikwaju yako. Anajua ulimwambiaje mkeo kwenye simu ukiwa shimo la saba na ulimwambiaje mtu mwingine ukiwa shimo la nane. Hiyo fulana unayoshonesha, yeye ameshakupima bila hiyo.

Ndiyo sababu nakwambia anzia kwake. Kumbuka shida ya mwaka 1965: watu ambao kazi yao huwanyima Jumapili. Klabuni kwako ni nani? Si wewe. Wewe unawahi ibada ya kwanza, na saa nne uko uwanjani. Kedi ndiye hana Jumapili. Jumamosi na Jumapili ndizo siku zake za mkate, analipwa kwa mzunguko, na asipopangiwa mchezaji, au mvua ikinyesha, anarudi nyumbani mikono mitupu. Akienda ibadani amepoteza zamu. Nimezika makedi ambao hakuna usharika uliowajua, na ilibidi familia ibembeleze kupata mtu wa kuongoza maziko, kwa sababu marehemu alikuwa hahudhurii na hajalipa ahadi. Alikuwa hahudhurii kwa kuwa alikuwa ametubebea mifuko sisi tuliotoka ibadani. Hilo huwa linaninyima usingizi.

Klabu nyingi nilizozijua Jumatatu uwanja hupumzishwa, na makedi huruhusiwa kucheza wenyewe. Hiyo ndiyo siku yako. Nenda kwa kedi masta, yule anayewasimamia makedi, na kwa meneja, omba ruhusa kwa adabu, ueleze wazi unataka kufanya nini. Kaeni chini ya mti dakika 40 kabla hawajaanza kucheza. Msome Injili ya Marko kidogo kidogo, kila mtu asome mstari, na asiyejua kusoma asikilize bila kuaibishwa. Usihubiri. Uliza swali moja, unyamaze. Usiwagawie soda na mikate mwanzoni, maana utapata watu 60 wiki ya kwanza na hutajua nani amekuja kwa nini. Na ndani ya miezi michache mmoja wao aongoze badala yako. Usishangae akiongoza vizuri kukuzidi. Wengine kati yao wanacheza vizuri kukuzidi pia. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Tanzania walianza kama makedi.

Kabla ya hapo, miezi mitatu fanya mambo madogo bila kutangaza. Jifunze majina. Mtu wa miaka 55 usimwite kijana, mwite Baba fulani au mzee kama unavyomwita wa umri huo mtaani. Mlipe palepale, mkononi, usimwambie "nitakutumia jioni kwenye simu" halafu ukasahau mpaka Jumamosi. Ukipiga vibaya usimtupie yeye lawama kwamba kakupa fimbo siyo. Andika mikwaju yako yote. Handikapu itapanda, wenzako watakucheka, na hiyo ndiyo mahubiri yako ya kwanza.

Halafu kuna hili la kazi yako, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Unauza bima. Watu wa klabu wanakujua hivyo. Siku ukianza kusema habari za Yesu, nusu yao watadhani ni mbinu mpya ya kutafuta wateja, na nusu nyingine watakuja kwenye maombi wakitafuta zabuni. Nimeona vikundi vya maombi ya wafanyabiashara vilivyogeuka ofisi za kupeana tenda, kwa sala ya kufungua na sala ya kufunga. Jiwekee mpaka: mtu uliyemkaribisha kwenye funzo la Biblia usimuuzie bima. Akitaka yeye, mpeleke kwa mwenzako ofisini. Itakuuma mfukoni. Lakini elimu yako ya bima usiizike, ina mahali pake, na mahali pake ni kwa makedi. Mpira wa gofu ni mgumu kama jiwe na unakuja kwa kasi. Nimeona kedi aliyepigwa jichoni. Mchezaji alisikitika sana, akatoa nauli ya hospitali, basi. Wengi wao si waajiriwa wa klabu kwa maandishi, kwa hiyo hakuna fidia. Wana VICOBA chao au hawana kitu. Wewe unajua namna ya kukusanya watu 80, kupiga hesabu ya mchango wao, na kuzungumza na kampuni kuhusu bima ya ajali ya kikundi. Unajua pia namna ya kuishawishi kamati ya klabu ichangie kidogo kutoka kwenye ada ya kila mzunguko. Mimi mchungaji sijui. Hiyo ni karama yako, na sioni kwa nini isiitwe huduma.

Kwa wanachama wenzako, usifanye haraka. Kumbuka klabu ni ya watu wa dini zote, Waislamu, Wahindu, Masingasinga, na wasiotaka dini kabisa, na kila mmoja amelipa ada sawa na yako. Maombi ya lazima kabla ya kuanza usiyalete. Soma katiba ya klabu, zungumza na kapteni. Chagua wanne tu, gari moja, kifungua kinywa mara moja kwa mwezi baada ya mchezo, na mtu awe huru kuja mara moja asirudi. Utaulizwa kuhusu dau, maana wengi huwekeana hela kidogo kila shimo. Sema mapema na kwa ufupi kwamba wewe huchezi kwa fedha, kisha uache hapo, usiwahesabie wengine. Kuhusu baa, ile wanayoiita shimo la 19, mimi hukaa na soda yangu. Mazungumzo ya kweli mengi hutokea pale, saa moja ya kwanza. Baada ya hapo hakuna anayekumbuka alichosema, nenda nyumbani.

Na tafadhali usiombe mpira uingie. Mwaka 1991, Kombe la Ryder, Ulaya dhidi ya Marekani, pale Kiawah Island, huyo huyo Langer, ameokoka miaka sita, alikuwa na mpira kama mita mbili kutoka shimoni, na matokeo ya mabara mawili yako juu yake. Hakuuingiza. Ulaya ikapoteza kwa nukta moja. Wiki iliyofuata alikwenda kwao Ujerumani akashinda mashindano. Mwaka 1993 alishinda Masters tena, na ilikuwa Jumapili ya Pasaka, akasema imekuwa tamu zaidi kwa sababu ni siku ya kufufuka kwa Bwana wake. Sijui kwa nini watu hupenda kunukuu ile ya Pasaka tu. Kwa mtu aliyepoteza kazi, ile ya Kiawah ina msaada zaidi.

Kama unataka sura ya ushuhuda usiotumia maneno mengi, mtazame Payne Stewart. Juni 1999 alishinda US Open pale Pinehurst kwa mkwaju wa mwisho, mkononi amevaa bangili ya kumkumbusha ajiulize Yesu angefanya nini, aliyopewa na mwanawe. Aliyeshindwa alikuwa Phil Mickelson, ambaye mkewe alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wao wa kwanza. Stewart, sekunde chache baada ya ushindi mkubwa kuliko yote, alimshika Mickelson uso kwa mikono miwili na kumwambia habari ya kuwa baba. Mtoto alizaliwa kesho yake. Miezi minne baadaye, Oktoba 25, ndege aliyopanda Stewart ilianguka, akafa akiwa na miaka 42. Kwenye gofu watu wengi wamesahau alipiga mikwaju mingapi. Ile mikono wanaikumbuka.

Mashindano ya hisani utashauriwa tu, kila mtu siku hizi anayafanya. Yanafaa kama yanalenga kitu kimoja kinachoonekana. Betsy King, Mmarekani mwenye mataji 34 ya LPGA, yaani gofu ya kulipwa ya wanawake, alizuru Afrika mwaka 2006 kisha akaanzisha Golf Fore Africa. Walianza na Rwanda, baadaye wakajikita kwenye visima vya maji Zambia wakishirikiana na World Vision. Kisima unakiona. "Kuendeleza kazi ya Mungu" hakionekani, na mdhamini atakuuliza. Ila angalia wadhamini wako. Nimeona bango la bia na la kampuni ya kubeti limepakana na bango la kanisa. Kataa mapema, kabla hela haijaingia.

Kuhusu Jumapili wewe mwenyewe, sitakuwekea sheria. Pale St Andrews, Uskoti, wanapopaita nyumbani kwa gofu, uwanja mkongwe bado hufungwa Jumapili isipokuwa kwenye mashindano makubwa, na watu hutembea humo na mbwa zao na watoto. Napenda desturi hiyo, na sababu yangu ni ya kedi: uwanja ukifungwa, naye amepumzika. Kwetu haitatokea leo. Lakini ukicheza Jumamosi badala ya Jumapili umempunguzia mmoja, angalau wewe.

Mchungaji wako usimjibu kwa hoja. Mwalike Jumatatu, si Jumamosi. Asipewe kiti cha mgeni rasmi, akae chini ya mti na makedi, asome mstari wake zamu ikimfikia. Nadhani ndani ya wiki mbili ataanza kuuliza ni nani kati yao hajabatizwa na nani ana mgonjwa nyumbani, na hapo utakuwa umempata. Atakuzidi hata wewe.

Fulana, kama fundi hajakata kitambaa, mwambie asubiri.

Na mipira 144, usiirudishe. Wape makedi Jumatatu wafanyie mazoezi. Mara nyingi huwa wanacheza kwa mipira iliyochubuka, mitatu kwa watu kumi. Hiyo yako itawakaa muda mrefu, maana wao, tofauti na sisi, wanajua kila kichaka na hawapotezi hovyo.